Kujifunza Kushona Paris: Historia ya Wanafunzi Wageni

Kwa muda mrefu ushonaji wa Paris haukuwa na shule. Ulikuwa na vyama vya mafundi, na chama ndicho kilichoamua nani akate nguo, nani ashone na nani atozwe faini kwa kushika mkasi bila ruhusa. Nguo za wanawake nazo zilikuwa mikononi mwa mafundi wanaume hadi mwaka 1675, Mfalme Louis XIV aliporuhusu washonaji wanawake wa jiji hilo kuwa na chama chao. Msichana aliyetaka kuingia humo aliandikiwa mkataba, akakabidhiwa kwa fundi mwanamke, na kutumikia miaka mitatu ya uanagenzi. Vitabu vya ukataji vilikuwa vichache. Alichojifunza alikiona kwa macho na kukirudia kwa mikono.

Mapinduzi ya Ufaransa yalifuta vyama hivyo mwaka 1791. Kuanzia hapo mtu yeyote aliyelipa kodi ya leseni aliweza kufungua duka la kushona, awe mwenyeji au mtu wa kuja. Athari ya hatua hiyo kwa historia ya mitindo ni kubwa kuliko inavyotajwa kwa kawaida, kwa kuwa ndiyo iliyomfungulia njia kijana mmoja wa Kiingereza aitwaye Charles Frederick Worth.

Worth alizaliwa mwaka 1825 huko Bourne, mji mdogo wa Lincolnshire. Akiwa bado mtoto alipelekwa London kufanya kazi katika maduka ya vitambaa, na muda wake wa mapumziko aliutumia kwenye majumba ya picha, akitazama magauni ya mabibi waliochorwa karne zilizopita. Alivuka kwenda Paris akiwa na miaka 20. Inasimuliwa kwamba mfukoni alikuwa na faranga 117 na Kifaransa hakukijua. Baada ya vibarua vya hapa na pale alipata kazi katika duka la Gagelin, mtaa wa Richelieu, akiuza shali na hariri. Humo alikutana na Marie Vernet, msichana wa dukani aliyevaa shali ili wateja wazione zikiwa mwilini, na ambaye baadaye alimuoa. Worth alimshonea magauni mepesi yasiyo na mapambo mengi ili shali zionekane vizuri. Wateja wakaanza kuuliza bei ya magauni.

Mwaka 1858 alifungua nyumba yake katika mtaa wa Rue de la Paix akishirikiana na Otto Bobergh, Mswidi. Badala ya kumngoja mteja aje na kitambaa chake na matakwa yake, Worth alibuni nguo kwanza, akaionyesha juu ya mwanamke aliye hai, kisha akaipokea oda. Nguo zake zilishonwa lebo yenye jina lake, kama mchoraji anavyotia saini kwenye picha. Malkia Eugénie wa Ufaransa alipokuwa mteja wake, wengine walifuata. Mwaka 1868 kikaundwa chama cha wenye nyumba za mitindo, ambacho baadaye kingekuwa mlezi wa shule maarufu kuliko zote. Biashara ambayo Wafaransa huihesabu kuwa fahari ya taifa lao ilipewa sura yake na Mwingereza na Mswidi waliojifunza kazi nyuma ya kaunta.

Shule zilikuja polepole, na zilianzia kwenye vipimo. Alexis Lavigne, fundi wa mavazi ya wanawake ya kupandia farasi, alianza kufundisha ukataji jijini Paris mwaka 1841. Shule yake bado ipo, sasa kwa jina la Esmod, nayo humsifu kwa kubuni sanamu la kiwiliwili la kushonea nguo na kwa kuieneza tepu laini ya kupimia. Mwaka 1862 Élisa Lemonnier alisimamia kufunguliwa kwa shule ya ufundi ya wasichana, iliyofundisha ushonaji pamoja na hesabu za biashara, jambo lililowashangaza waliodhani msichana wa sindano hahitaji hesabu. Mwaka 1867 Frédéric Stockman alianzisha karakana ya masanamu ya kushonea, na hadi leo mafundi wa Paris huliita sanamu hilo Stockman, litoke kwa mtengenezaji yeyote.

Hata hivyo mafunzo ya kweli yalibaki karakanani. Nyumba kubwa iligawanyika pande mbili: upande wa magauni mepesi ya hariri yanayoangukia mwilini, na upande wa makoti na suti, ambako mabega hujengwa kwa tabaka za kitambaa kigumu na bitana. Kila karakana iliongozwa na fundi mkuu, mara nyingi mwanamke, mwenye msaidizi wake. Chini yao walikaa washonaji kwa ngazi zao, na chini kabisa mwanagenzi, ambaye aliweza kuwa mtoto wa miaka 13 tu. Siku zake za mwanzo hazikuwa na uhusiano wowote na ubunifu. Alipita chini ya meza na sumaku akiokota pini zilizoanguka, akatumwa kutafuta uzi unaolingana na kipande cha hariri alichoshikishwa mkononi, akabeba maboksi hadi kwa wateja. Ndipo aliporuhusiwa kupiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, ambayo mwenzake angeifumua siku hiyohiyo.

Kazi ilikuwa ngumu na mshahara mdogo, na wasichana hawa hawakuwa wapole kama wanavyochorwa kwenye kadi za posta. Mei 1917, Vita ya Kwanza ya Dunia ikiendelea, washonaji wa nyumba ya Jenny waligoma wakidai mapumziko ya Jumamosi mchana bila kukatwa mshahara. Mgomo ulienea karakana kwa karakana, maelfu ya wanawake wakaandamana mitaani, na tarehe 11 Juni 1917 sheria ikawapa wafanyakazi wa sekta ya nguo mapumziko hayo. Walikuwa na sherehe yao pia: kila tarehe 25 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Katarina, mshonaji aliyetimiza miaka 25 bila kuolewa alivalishwa kofia ya kijani na njano iliyotengenezwa na wenzake. Nyumba kadhaa bado huiadhimisha siku hiyo.

Wanafunzi wa kigeni kwa maana ya leo, wenye ada na ratiba, walianza kuonekana kwa wingi baada ya vita hiyo, na Wamarekani ndio waliotangulia. Mwaka 1921 shule ya New York ambayo sasa huitwa Parsons ilifungua tawi Paris, katika uwanja wa Place des Vosges. Kati ya waliopita hapo katikati ya miaka ya 1920 ni Claire McCardell, aliyekuja kuwa mbunifu mashuhuri wa nguo za kila siku za Marekani. Somo lake kubwa hakulipata darasani. Nyumba za mitindo ziliuza kwa bei nafuu nguo za maonyesho za msimu uliopita. McCardell na wenzake walinunua za Madeleine Vionnet, wakazifumua mshono mmoja mmoja, wakavilaza vipande mezani na kuangalia jinsi vilivyokatwa, kisha wakavirudisha kama vilivyokuwa. Ukilitazama gauni la Vionnet likiwa limevaliwa, ni vigumu kujua linashikiliwa na nini. Likishafumuliwa, siri ni moja: kitambaa kimekatwa mshazari, si kwa kufuata uzi wa mtande wala wa mshindio, na hivyo kinanyumbuka na kukumbatia mwili bila msaada wa vifungo vingi. Vionnet naye aliwahi kuwa mgeni. Ujanani alifanya kazi London kabla ya kurudi Paris na kufungua nyumba yake mwaka 1912, ambako alibuni juu ya mdoli mdogo wa mbao kwanza.

Si wote waliojifunza kwa njia safi. Elizabeth Hawes, Mmarekani mwingine aliyefika mwaka 1925, alipata riziki yake ya kwanza kwa watu wa kunakili. Aliketi kwenye maonyesho akijifanya mteja, akakariri magauni, kisha akatoka na kuyachora kabla hayajamtoka kichwani. Michoro ilipelekwa kwa viwanda vya New York. Aliyasimulia hayo bila kuona haya katika kitabu chake cha mwaka 1938, Fashion Is Spinach. Wizi huo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Vionnet aliweka alama ya kidole gumba chake kwenye lebo za nguo zake. Lakini huwezi kunakili gauni usilolielewa, na Hawes aliondoka Paris akiwa na jicho ambalo shule chache zingeweza kumpa.

Mwaka 1927 chama cha nyumba za mitindo kilifungua shule yake. Lengo lilikuwa kuzipatia nyumba hizo mafundi, na fani yenyewe ilifundishwa kama ilivyo karakanani. Msingi wake ni kuunda nguo juu ya sanamu, na mazoezi ya mwanzo ni ya subira tupu. Mwanafunzi hubandika utepe mwembamba kwa pini juu ya sanamu: mstari wa katikati mbele, wa katikati nyuma, wa kifua, wa kiuno, wa nyonga. Mistari ikipinda, kila kitakachofuata kitapinda. Kisha huchukua marikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, akakipiga pasi na kuchora kwa penseli njia ya uzi wa mtande. Penseli hiyo hulinganishwa na utepe wa katikati, na kitambaa huanza kubanwa kwa pini kutoka juu kwenda chini. Sketi nyoofu, nguo isiyo na pambo lolote, ndiyo mtihani wa awali. Mstari wa penseli ukihama hata kidogo, sketi hujisokota miguuni ikivaliwa. Mwanafunzi aliyekuja na daftari lililojaa michoro ya magauni ya harusi hugundua hapo kwamba mikono yake bado haijui kitu.

Vita ya Pili ya Dunia nusura ivunje yote hayo. Wajerumani walipoiteka Paris mwaka 1940 walitaka kuihamishia biashara ya mitindo Berlin na Vienna. Lucien Lelong, aliyekuwa mwenyekiti wa chama, alijibu kwa hoja ya kifundi: nyumba moja hutegemea mamia ya watu wa kufuma, kudarizi, kutengeneza vifungo na manyoya, na hao hawahamishiki. Hoja yake ilishinda. Januari 1945 sheria ikaweka masharti ya nyumba inayoruhusiwa kujiita ya ushonaji wa hali ya juu, na tarehe 12 Februari 1947 Christian Dior alionyesha mkusanyo wake wa kwanza katika barabara ya Avenue Montaigne. Paris ikarudi kuwa mahali ambapo kila kijana mwenye sindano alitaka kufika.

Waliofika walitoka mbali. Jean Dessès, aliyezaliwa Alexandria nchini Misri kwa wazazi wa Kigiriki, alikuwa amekuja kusoma sheria na kuishia kwenye magauni. Katika karakana yake alifanya kazi Valentino Garavani, Mwitaliano aliyeingia Paris akiwa na miaka 17 na kusoma katika shule ya chama. Lakini hakuna kisa kinachoonyesha hali ya mgeni wa miaka hiyo kama visa viwili vya Afrika Kaskazini vikiwekwa bega kwa bega.

Yves Saint Laurent alitoka Oran, Algeria. Mwaka 1954, akiwa na miaka 18, alijiandikisha katika shule ya chama, akaiona inachosha, na hakukaa zaidi ya miezi michache. Novemba mwaka huohuo alishinda tuzo ya gauni katika shindano la shirika la kimataifa la sufu, na tuzo ya koti akaichukua kijana wa Hamburg aitwaye Karl Lagerfeld. Mwaka 1955 Saint Laurent aliajiriwa na Dior, na Dior alipofariki Oktoba 1957 alikabidhiwa nyumba nzima akiwa na miaka 21.

Azzedine Alaïa alitoka Tunis. Alisomea uchongaji sanamu katika shule ya sanaa ya huko na kujilipia masomo kwa kushona. Naye alifika Paris nusu ya pili ya miaka ya 1950, naye akapata nafasi kwa Dior. Alikaa siku tano. Vita vya Algeria vilikuwa vimepamba moto, karatasi zake hazikuwa sawa, na kijana wa Kiarabu asiye na kibali hakuwa mtu wa kubakizwa kazini. Alifanya kazi misimu miwili kwa mbunifu Guy Laroche. Baadaye aliishi kwa miaka kadhaa katika nyumba ya familia ya kitajiri, akilea watoto wao na kumshonea mama mwenye nyumba, na wateja wake wa kwanza walikuwa marafiki wa mama huyo. Ilipofika miaka ya 1980 wabunifu wenzake walimhesabu miongoni mwa wakataji bora wa zama zao. Saint Laurent, mtoto wa walowezi, alikuwa raia wa Ufaransa, na Alaïa hakuwa. Vipaji vyao vinaweza kubishaniwa, ila tofauti ya siku zao za mwanzo ilitokana na pasipoti.

Mwaka 1965 walifika Wajapani wawili. Kenzo Takada, wa Himeji, alikuwa miongoni mwa wanaume wa kwanza kupokelewa katika chuo cha Bunka, Tokyo. Jengo alilopanga lilitakiwa kubomolewa kupisha Michezo ya Olimpiki ya 1964, akalipwa fidia, na fidia hiyo ikawa nauli. Alipanda meli hadi Marseille, ikitia nanga njiani Hong Kong, Saigon, Bombay na Djibouti, kisha treni, na kushuka kituo cha Gare de Lyon siku ya kwanza ya mwaka. Jiji alilokuwa akiliota alilikuta la kijivu, lenye baridi na huzuni. Alikusudia kukaa miezi michache. Fedha zilipokaribia kwisha alipeleka michoro yake kwa mbunifu Louis Féraud, ikanunuliwa kwa faranga 25 kila mmoja. Mwaka 1970 alifungua duka lake katika Galerie Vivienne, na kwa kuwa hakuwa na mtaji alinunua vipande vya bei ya chini katika soko la vitambaa la Saint-Pierre, chini ya kilima cha Montmartre, akavichanganya maua kwa mistari. Umaskini wa vitambaa ndio uliompa mtindo wake.

Issey Miyake, aliyenusurika bomu la Hiroshima akiwa na miaka saba, alifuata njia ya shule. Alisoma katika shule ya chama, akawa msaidizi wa Laroche, kisha wa Givenchy mwaka 1968. Mei ya mwaka huo wanafunzi na wafanyakazi waliifunga Paris kwa maandamano na migomo. Miyake aliyaona kwa macho yake, akaamua kwamba kazi ya maisha yake haitakuwa kuwavisha matajiri wachache. Miaka miwili baadaye alifungua studio yake Tokyo. Huenda hakuna mwanafunzi aliyejifunza mengi kutoka jiji hilo kuliko huyu aliyelihama.

Waafrika wa kusini mwa Sahara walifuata. Chris Seydou wa Mali alifanya kazi Paris miaka ya 1970 na kukifanya kitambaa cha bogolan kionekane kwenye koti na sketi za kisasa. Alphadi wa Niger alisomea mitindo jijini humo, na mwaka 1998 alianzisha nyumbani kwao tamasha la kimataifa la mitindo ya Afrika. Imane Ayissi wa Kamerun, aliyekuja akiwa mcheza dansi na mwanamitindo, aliingizwa Januari 2020 katika ratiba rasmi ya maonyesho ya ushonaji wa hali ya juu, wa kwanza kutoka upande huo wa bara.

Suala la malazi lina historia yake pia. Mwaka 1925 kilifunguliwa kusini mwa jiji kijiji cha wanafunzi kiitwacho Cité internationale universitaire, ambako nchi nyingi zilijenga nyumba za vijana wao. Nafasi haikuwahi kutosha. Waliobaki walipanda orofa ya sita au ya saba, kwenye vyumba vidogo chini ya paa vilivyojengwa karne ya 19 kwa ajili ya wajakazi, vyenye ngazi za nyuma na choo cha pamoja koridoni. Tangu mwaka 2002 sheria inataka chumba cha kupangisha kiwe na angalau meta 9 za mraba, au meta 20 za ujazo. Mwenye nyumba naye hudai mdhamini, na mgeni asiye na ndugu Ufaransa hutegemea mpango wa udhamini uitwao Visale, ulioanza mwaka 2016.

Shule ya chama iliunganishwa mwaka 2019 na Institut Français de la Mode, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1986, na sasa ushonaji, ubunifu na uendeshaji wa biashara hufundishwa chini ya paa moja. Mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya huanza na visa ya muda mrefu, ambayo lazima aithibitishe kwa mtandao ndani ya miezi mitatu ya kuingia nchini. Kwa kawaida anaruhusiwa kufanya kazi ya malipo saa 964 kwa mwaka. Mafunzo ya vitendo katika nyumba ya mitindo yanahitaji mkataba wa pande tatu, wa mwanafunzi, shule na mwajiri, na yakizidi miezi miwili lazima yalipwe posho. Mkataba huo hapewi mtu ambaye hajaandikishwa shuleni. Njia ya Worth na Kenzo, ya kufika bila shule na kubisha hodi karakanani, haijafungwa kwa jina, lakini kwa anayetoka Nairobi au Dar es Salaam leo barua ya shule ndiyo inayotangulia, na sindano hufuata.